Mama Felician na Maua ya Njano ya Mpakani

Wachungaji wetu, viongozi wa kata na kijiji, walimu, majirani wa Mnyambe na wageni mliotoka Nanganga, Lisekese na Masasi mjini, familia ya mzee Felician Nampota inawaomba mkae, nanyi vijana mliosimama nyuma ya jiko sogeeni mbele mkae pia, maana habari hii ni ndefu na inawahusu ninyi kuliko mtu mwingine yeyote hapa msibani.

Marehemu Justina Felician Nampota, ambaye wengi mmemjua kama Mama Felician na wengine kama Mwalimu tu, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1963 kijijini Nanganga, wilayani Masasi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu mzee Felician Nampota na marehemu Bi Bimdogo, wakulima wa korosho na mihogo, na kwa jinsi mama yake alivyosimulia hadi anazeeka, mtoto huyu alitoka tumboni amekunja ngumi, akakaa nazo hivyo hivyo miaka mingi.

Alianza shule ya msingi hapo hapo Nanganga mwaka 1971 na kumaliza mwaka 1977, na katika darasa la tatu alimng'ata sikio mvulana aliyempokonya kalamu, likashonwa zahanati, naye akachapwa viboko mbele ya shule nzima bila kutoa chozi, kisha akarudi darasani akaichukua kalamu yake. Familia haisemi haya ili watu wacheke, ingawa yeye mwenyewe alikuwa akicheka, inayasema kwa sababu tumechoka na historia za misibani ambazo kila aliyekufa alikuwa mpole, na Justina hakuwa mpole, alikuwa mkweli, mchapakazi na mwenye hasira ya karibu. Baadaye alijiunga na chuo cha ualimu wilayani Masasi, akahitimu mwaka 1982, na tarehe 1 Februari 1983 akaanza kufundisha Lisekese, ambako watoto walimwogopa wiki ya kwanza na kumfuata hadi nyumbani wiki ya pili.

Tarehe 4 Oktoba 1986 alifunga ndoa takatifu na marehemu Silvesta Mchopa, fundi seremala, mtu mkimya ambaye alimpiga mkewe kofi mara moja tu katika maisha yao, mwaka wa kwanza, akarudishiwa kwa mchi wa kinu na kutembea na bega limefungwa mwezi mzima, na baada ya hapo waliishi vizuri kuliko wengi tunaowajua. Mungu aliwajalia watoto watatu, Felician aliyezaliwa mwaka 1988, Upendo mwaka 1991 na Furaha mwaka 1995, na hadi anafariki marehemu alikuwa ameona wajukuu saba. Mwaka 1991 alihamishiwa Mnyambe, wilayani Newala, wakajenga hapa hapa mlipokaa, na mzee Silvesta akafia hapa kwa homa mwezi Mei 2009.

Sasa tuje kwenye maua, kwa sababu bila maua historia hii haisomeki. Mwaka 2003 shuleni alikuja Mwalimu Grace kutoka Njombe, na ndani ya mkoba wake, katika gunia lililoloweshwa maji, alileta mashina ya yungiyungi la siku moja, linaloitwa hivyo kwa sababu kila ua hufunguka asubuhi na kunyauka jioni, na kesho yake lingine hushika zamu. Yalikuwa ya njano yote, lakini Justina aliyatofautisha mapema, akayapa majina yake, la kwanza fupi lenye njano kali akaliita Salfa kwa kufanana na dawa tunayopulizia mikorosho, la pili lenye maua mapana ya njano iliyoiva akaliita Embe, na la tatu refu, jembamba, la njano iliyopauka na harufu nzuri, akaliita Ndimu. Mama mkwe wake alilalamika kwamba uwanja wa mtu mwenye akili hufagiwa mpaka uwe mweupe ili nyoka aonekane, na majirani walinung'unika kuona maua yananyweshwa katika nchi ambayo ndoo ya maji hufuatwa mbali, lakini yeye aliyanywesha maji ya kuoshea vyombo na ya bafuni, akafyeka majani yaliyozeeka, akayagawa mashina kila yaliposongamana, na hakuna nyumba ya mwalimu hapa Mnyambe ambayo haikupata Salfa au Embe kutoka mkononi mwake.

Mwaka 2006 mzee Silvesta na jirani yake, mzee Edson Mtipa, waliamua kuweka mpaka kati ya kiwanja hiki na shamba la mikorosho la mzee Edson, na ninyi nyote mnajua kwetu mpaka ni kitu kinachopandwa mbele ya mashahidi, minyaa au mkonge, na kikishapandwa hapana mjadala tena. Justina alikataa minyaa kwa sababu utomvu wake hupofusha watoto, akataka mpaka uwe wa Ndimu, kwa urefu wake, na mzee Edson akacheka akasema, "Haya Mwalimu, tupakane kwa maua, watu watadhani tuna harusi kila siku." Wakapanda mstari mmoja, mashahidi wakala ugali kwa kuku, wakaondoka.

Kosa lilikuwa hapo, na lilikuwa kosa la watu wote waliokula kuku yule. Salfa na Embe hukaa palepale, shina huzaa pembeni mwa shina, lakini Ndimu hutuma mizizi chini kwa chini na kuchipukia mbele, nayo huyafuata maji, na maji yalikuwa upande wa Justina, yalikotiririkia ya bafuni. Mzee Edson kwa upande wake alipalilia chini ya mikorosho yake kila msimu hadi kwenye maua, kama mkulima yeyote, na yale yaliyokuwa mstari wa kwanza yakafa kwa jembe na kiu, kwa hiyo mwaka hadi mwaka mpaka ulisogea kuelekea nyumbani, polepole kiasi kwamba jicho linalouona kila siku haliwezi kugundua.

Mwezi Juni 2015 Justina alikwenda Nanganga kumuuguza Upendo baada ya uzazi mgumu, na aliporudi tarehe 21 Novemba, korosho zikiwa zinaanguka, aliingia uwanjani na macho mapya, akauona mkorosho mkubwa wa marehemu mumewe umesimama upande wa pili wa maua, na chini yake mzee Edson ameinama anaokota korosho. Kwake jambo lilikuwa wazi, jirani ameng'oa maua na kuyapanda upya ili ale ardhi ya mjane. Hakuuliza. Alichukua panga lililochomekwa ukutani, akavuka maua, na mzee Edson alipoinua mkono wa kulia ajikinge, panga likashuka juu ya mkono huo mara mbili, na hospitalini madaktari wakaukata chini ya kiwiko kwa kuwa hapakuwa na cha kuokoa.

Jioni ile ndugu wa mzee Edson walikuja wengi, wakachoma jiko, wakaikata mikorosho yote ya marehemu Silvesta kwa shoka hadi kwenye visiki, na Felician alipotoka kuwazuia walimpiga rungu la mdomo, akatema meno matatu mbele ya mama yake aliyekuwa tayari ameshikwa. Huo ndio ujirani tulioishi nao.

Justina alihukumiwa kifungo cha miaka sita, akapoteza kazi aliyoifanya zaidi ya miaka thelathini, na gerezani akapangiwa bustani. Furaha alimpelekea Ndimu, kwa sababu mama yake aliililia kuliko chakula, naye akaipanda mstari mmoja kando ya matofali, karibu na bomba. Msimu wa pili alikwenda asubuhi akakuta maua yamefunguka ng'ambo ya matofali, upande wa bomba, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu uliopanda kitu. Alimsimulia Furaha kwamba alichimba kwa vidole, akaukuta mzizi umepita chini ya tofali kama mkono wa mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda, akakaa chini, akapiga ukunga hadi askari wakaja mbio wakidhani ameumwa na nyoka.

Alitoka mwezi Machi 2020, kifungo kikiwa kimepunguzwa kwa tabia njema, na kabla hajafika hapa nyumbani alipitia kwa mzee Edson, akapiga magoti mlangoni, akaamkia, "Shikamoo baba Cecil," na baada ya kuitikiwa akasema kwamba maua yalitembea yenyewe, kwamba hakuna aliyeiba, na kwamba alimkata mtu asiye na kosa. Mzee Edson akamwambia, "Mama Felician, nimekusikia, lakini mkono hauoti." Justina hakuomba zaidi, ila kila msimu wa korosho tangu mwaka huo alikwenda shambani kwa mzee Edson kabla ya jua kali, akaokota, akanyofoa korosho kwenye mabibo, akaanika, akaondoka, hakuitwa na hakufukuzwa, na msimu wa tatu alikuta chini ya mkorosho amewekewa kikombe cha uji.

Mtu mmoja hakulipokea jambo hili, naye ni Felician. Alikuwa anaishi Masasi mjini, akija kila mara na kuondoka amenuna, akisema mama yake amelainishwa akili gerezani, kwamba ua halina miguu, na kwamba meno yake hayakutembea yenyewe. Kwa hiyo mwezi Oktoba mwaka huu, mzee Edson alipomtuma mwanawe Cecil kusema kwamba yuko tayari kupatana, maua yang'olewe yote, viwekwe vigingi vya zege kwenye mstari wa zamani, Justina alikubali siku hiyo hiyo, lakini akasema Felician ataambiwa vigingi vikishasimama. Aliogopa hasira aliyoijua vizuri kwa sababu ilikuwa yake.

Alhamisi ya tarehe 7 Novemba 2024, asubuhi, Cecil alikuja na jembe kama alivyoombwa, akaanza kung'oa Ndimu, na marehemu alikuwa jikoni anamchemshia chai. Felician aliingia kwa pikipiki bila taarifa, akamkuta mtoto wa Edson ndani ya maua ya mama yake na jembe juu.

Ndugu waombolezaji, tangu Ijumaa maneno yamezunguka hapa Mnyambe kwamba Cecil ndiye aliyemkata Justina, kwa sababu barabara nzima ilimwona akipita na pikipiki, nguo zimelowa damu ya marehemu. Tumeyasikia. Tumeyaona pia mapanga yaliyolazwa nyuma ya jiko chini ya gunia la mkaa, na tunajua mmepanga kwenda wapi tukishatoka makaburini, kwa hiyo sikilizeni sasa, kwa sababu familia inalisema mara moja na hairudii.

Panga lilikuwa la Felician. Alilivuta kutoka kwenye pikipiki yake, akamwendea Cecil, hakuuliza, na marehemu alitoka jikoni mbio akajitupa katikati, likampata yeye kati ya shingo na bega. Felician aliliacha lianguke, akakimbilia mikoroshoni, na kesho yake alijipeleka mwenyewe kituo cha polisi, akaeleza kila kitu kama tunavyoeleza hapa, na sasa yuko mahabusu, hajui mama yake amevikwa nguo gani leo. Aliyebaki na Justina ni Cecil. Alichana shati lake, akaziba jeraha, akambeba mgongoni kwa kumfunga khanga kama mtoto, akapanda pikipiki aliyoiacha Felician, akamfikisha hospitali akiwa bado anaongea.

Marehemu aliishi siku tatu. Alimuuliza Upendo kama chai ya Cecil ilimwagika, akaagiza vigingi viwekwe, akasema mbele ya daktari na wanawe wawili, "Msimguse Cecil, nilimwita mimi, na Felician msimlaani, hilo panga nililianza mimi," na Jumapili ya tarehe 10 Novemba, saa nne asubuhi, akafariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania uhai wake, walimu wenzake waliomfundishia madarasa alipokuwa hayupo na kumlilia alipofungwa, Mwalimu Grace aliyesafiri kutoka Njombe, majirani waliochota maji ya msiba huu kutoka bondeni, na kanisa lililomtembelea gerezani wakati ndugu wengine tulikuwa tunaona haya. Tunamshukuru mzee Edson Mtipa, aliyefika hapa Jumapili kabla ya ndugu wa damu, akakaa mkekani, akasema anasubiri kuzika jirani yake. Na tunamshukuru Cecil, mwanawe, yule pale pembeni ya baba yake ambaye tangu jana hakuna aliyempa hata maji, kwa kumbeba dada yetu wakati mwana wa tumbo lake ameshakimbia.

Jeneza litanyanyuliwa baada ya sala. Upande wa kulia, mbele, atashika Cecil, ndivyo alivyoagiza marehemu, na nyuma yake mtashika ninyi vijana wa Nampota, wote, na yule ambaye hawezi kushika nyuma ya Cecil aondoke msibani sasa hivi tukimtazama.

Mwalimu, Mama Felician, dada yetu, wewe umeshamaliza, pumzika, kazi ya amani umetuachia sisi.