Phelix Kipkurui Langat na Sahihi ya Nyumbani

Marehemu Phelix alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Kapkatet, mtoto wa tatu wa mzee Kipsang na mama Tabutany.

Alisoma hapa jirani, akamaliza sekondari mjini Kericho mwaka 1970. Mbishi tangu utotoni: mwalimu akisema mto umefurika, Phelix aliteremka kwanza kuutazama.

Alifanya kazi ya simu miaka mingi, na kuanzia 1996 akasimamia kompyuta katika ofisi moja ya majani chai huko Kericho.

Alimwoa dada yetu Janeffer Chepkirui tarehe 15 Desemba 1973. Walingoja sana, ndipo wakajaliwa Tecla, aliyekwenda Uingereza kusomea uuguzi mwaka 1997. Mwaka huo huo mtu asiyejulikana alimwandikia Tecla barua pepe kwa jina la babake: acha masomo, rudi. Msichana wa watu akafunga sanduku, bahati akapiga simu nyumbani kwanza. Marehemu alifuatilia, akaona kwenye kumbukumbu za mtandao kwamba mashine iliyoituma haikuwa ya ofisi yao. Akatuambia, "Si kwenye koito, watu wakija kuposa, kabla ya kutoa msichana, tunauliza kwao kijana kama kweli wametuma hawa watu? Hata barua ina kwao."

Tangu hapo kila barua yake ilikuwa na sahihi ya kompyuta, iliyotiwa kwa ufunguo wa siri. Herufi moja ikibadilishwa, sahihi inakataa. Tecla alipewa ufunguo mwenzake wa kuihakiki. Phelix akamtengenezea Janeffer sahihi yake pia, na sisi shemeji tukamcheka: mama wa shamba, sahihi ya kompyuta ya nini? Tecla akaambiwa, isiyo na sahihi ya nyumbani, tupa.

Aliugua figo kuanzia Januari 1999, akatutoka alfajiri ya Jumatano tarehe 11 Agosti. Simu ya bweni la Tecla haikupokelewa, kwa hivyo ndugu yetu Mathew akamwandikia kutoka ofisi ile ya marehemu, Kericho. Jibu likaja: "Mjomba, hii haina sahihi. Siamini."

Janeffer akaacha waombolezaji nyumbani, akapelekwa Kericho, akaandika kwa kidole kimoja: "Tecla, baba ametuacha. Njoo." Akatia sahihi.

Tecla, aliyeketi hapa mbele, ametuambia aliihakiki tena na tena, akimwomba Mungu ikatae. Ikakubali.

Marehemu ameacha mjane Janeffer, binti Tecla, ndugu na dada zake, na sisi shemeji tuliomcheka na tunaompenda. Pumzika kwa Bwana, shemeji. Tumeamini.