Truphena Kanyiva Ndete na Kamba za Kuanikia za Kayole

Marehemu Truphena Kanyiva alizaliwa Pumwani tarehe 14 Machi 1966, akiwa kifungua mimba wa mchongaji vinyago, Mzee Ndete, na mkewe Wanza. Alisoma hadi darasa la saba mwaka wa 1980, akaacha ili karo imtoshe mdogo wake, Maingi, aliyefika chuo kikuu na ambaye hadi leo hana hakika kama alistahili sadaka hiyo.

Mwaka wa 1988 aliolewa na Kyalo, dereva, wakajaliwa binti mmoja, Kate. Kyalo alifariki mwaka wa 2009, na Truphena akapata kazi ya kutunza hosteli ya wanafunzi wa vyuo huko Kayole.

Kila chumba kilikuwa na kamba yake juu ya paa. Asubuhi alipita taratibu kati ya shuka na mashati, kama mtu anayetembea ndani ya mawingu yanukiayo sabuni. Alitafuta nguo zisizokuwapo. Aliamini kwamba mwanafunzi anayekata tamaa huacha kufua kabla hajaacha kula. Maingi alimcheka; mambo ya nafsi, alisema, yana wataalamu wake.

Mwaka wa 2019 kamba ya Owen, aliyekuwa amefeli mitihani, ilikaa tupu siku tisa. Truphena, ambaye wanafunzi walimwita Mathe, yaani mama, alibisha mlangoni kwake, beseni mkononi.

"Niko sawa, Mathe."

"Wewe uko sawa. Na soksi zako je? Toka, tupande."

Walifua huko juu ya paa hadi jua likainama. Hapo ndipo Owen alipokiri kwamba hakuwa amepanga kuiona Jumatatu. Truphena hakumhubiria. Alimpa ncha moja ya blanketi, wakalikamua pamoja, na Jumatatu akamsindikiza kwa mshauri wa chuo. Owen sasa ni muuguzi.

Novemba 2024 saratani ya tumbo ilimlaza, naye hakumwambia mtu. Wanafunzi waligundua leso zake haziko kambani. Wakaja sita, na mabeseni.

"Mathe, toka, tupande!"

Alicheka hadi akalia. Wakambeba kitini hadi juu ya paa.

Jumapili tarehe 9 Februari 2025, akiwa kitandani mwake hostelini, alimuuliza Maingi, "Kuna kamba tupu?" Maingi alipanda, akazipitia zote, moja moja. Akarudi, akasema hakuna. Ndipo dada yake akafumba macho, akatutoka.

Ameacha binti yake Kate, wajukuu wawili, mdogo wake Maingi, na paa lililojaa nguo.

Mola amlaze penye jua na upepo mwanana.