Sauti ya Olinka Ng'ambo ya Mto

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Mama Olinka Wassillie ametutoka. Ni yule Olinka aliyesoma hali ya hewa kwenye masafa ya chini, enzi zile marubani wa vijiji vyetu vya Alaska walipoifuata sauti yake juu ya tundra, nyika yetu ya baridi isiyo na miti, mpaka nyumbani.

Kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya mto, chini ya mlingoti wa redio, kando ya kiwanja cha ndege. Aliangalia anga, akarekodi kwenye kanda, na kanda ikajirudia hewani mpaka arekodi upya. Rubani mmoja, Evon, mtoto wa dada yake, hakuacha kumchokoza.

"Mama mdogo, leo umesoma mawingu kama unamgombeza mume!"

"Wewe tua salama. Domo utaliendeleza mezani."

Asubuhi moja, baridi inaisha, alirekodi: anga safi, upepo mdogo. Mara kelele ukingoni. Kwetu barafu ya mto ikianza kuvunjika, kijiji kizima hutoka kutazama.

"Olinka, vuka! Mto unaondoka!"

Akakimbia, barafu inalia chini ya buti. Akafika. Nyuma yake mto ukapasuka, mapande makubwa kama nyumba yakapandana. Watu wakashangilia. Hata yeye alicheka.

Kisha ukungu ukaja kutoka baharini. Nyumba ya jirani ikapotea. Wakapiga simu mjini. Wakaambiwa Evon amekwisharuka kuja kwetu, na redio ya mjini haimfikii tena. Kijijini redio ya kuongea na ndege ilikuwa moja tu, na iko kibandani. Ng'ambo.

Jikoni kwake kulikuwa na redio ya kusikilizia tu. Ilisema, kwa sauti yake mwenyewe: anga safi, upepo mdogo. Ikarudia. Mumewe, Mzee Nikifer, akanyoosha mkono aizime.

"Iache," Olinka alisema. "Nikizima mimi, yeye bado anasikia."

Binti yake, Nastasia, anakumbuka: "Mama alikuwa anaijibu ile redio. 'Nyamaza, mwanamke wewe. Nyamaza!' Halafu injini ikapita juu ya paa. Tulitoka wote tukapiga mayowe, utadhani mtu wa angani angetusikia. Ikazunguka, ikaelekea vilimani. Basi."

Siku kadhaa baadaye, mto ulipotulia, Olinka alivuka kwa mashua. Evon alikuwa amekwishazikwa. Kanda ilikuwa bado inasema. Akaizima, akatoka nje, akaangalia juu kama kazi ilivyotaka. Ukungu haukuwapo, kulionekana wazi mpaka milimani. Akarudi ndani, akabonyeza, akasoma: anga safi, upepo mdogo. Angesema nini kingine?

Poleni sana, Mzee Nikifer na Nastasia. Pole Mama Matrona, uliyempoteza mwana, na sasa mdogo wako. Jana ulituambia: "Sikumlaumu mdogo wangu hata siku moja. Ningemlaumu, angalau ningekuwa na la kufanya."

Wapendwa, ukimwambia aliye njiani kwamba huku kwema, ni kwema kwa saa ile tu. Lifikirieni hilo. Mlingoti ule ulishang'olewa. Kwa dakika moja tutawafungulia masafa yake ya zamani. Hakuna mtu pale, ni mvumo tu. Sikilizeni.