Mweria Usio na Mwenyekiti

Tuktuk ilipotoka Muyeye, Daktari Kahaso alijivutia leso usoni, maana abiria wenzake wawili walikuwa wakimsema bila kumtambua.

"Aliacha utafiti wa mikoko Dabaso," alisema mwanamume, kwa sauti ya kuhani msiba, "akaenda kuunda chama cha simu kisicho na benki wala mwenyekiti. Elimu yote ile!"

"Usimlaumu, kaka," alijibu mama mwenye jembe. "Sisi wa Adu tuna mweria tangu jadi: leo tunalima kwangu, kesho kwako. Yeye ameutia kwenye simu, na sasa hakuna mkubwa wa kutula. Hilo namshukuru."

"Mbona basi wanung'unika?"

"Nilifiwa, zamu yangu ya kulima kwa wenzangu ikanipita, simu ikanitoa chamani. Mwenyekiti wetu wa zamani alikuwa mwizi, lakini matangani alikuja. Hiyo kompyuta nitaipigia magoti wapi?"

Kahaso alikuwa na jibu la swali hilo; kwenye makongamano lilipigiwa makofi. Tuktuk iliposimama sokoni, alishuka, akageuka.

"Pole kwa msiba, mama."

"Nishapoa, mwanangu." Kisha akamgeukia mwenzake. "Umesikia? Hilo tu ndilo ambalo simu haikuniambia."