Kinyago cha Osniel

Kwenye kivuko cha kutoka Havana kwenda Regla alipanda mama mmoja na mwanawe wa miaka minane hivi, uso wote umefunikwa kinyago cha chuma cha mdakaji wa besiboli. Mzee mwenye mfuko wa mikate akamkodolea macho.

"Mama, huyu anaogopa mvua?"

"Osniel anaogopa watu, mzee wangu. Darasani alikuwa hatamki neno, hadi mwalimu akaniuliza kama ni bubu. Kocha akampa kazi ya kudaka, maana mdakaji ndiye anayewapigia wenzake kelele wasimame wapi. Ndani ya hicho kinyago anaongea na wenzake uwanjani, ila na mgeni bado."

"Sasa umempa ganda. Hata harusini ataingia nalo?"

Abiria walicheka. Na mimi nilicheka, kidogo.

"Mpira ukipaa juu sana hauonekani vizuri kupitia hivyo vyuma," mama akasema bila haraka. "Lazima akivue. Jumamosi alikitupa chini, watu wote wanamtazama, akapiga kelele, 'Wangu!' Akaudaka. Nililia mpaka aliyekaa kando yangu akadhani tumeshindwa."

"Mpira haupai kila siku, binti."

"Najua. Lakini tangu siku hiyo napata usingizi."

Mzee akatikisa kichwa, hakukubali, akamega mkate. Kivuko kikagusa gati, tukaanza kusukumana. Ndipo sauti nyembamba ikatoka ndani ya vyuma: "Jumamosi tunacheza tena, mzee. Uje uone."

Mama akabaki amesimama. Ilibidi nimguse bega ndipo akakumbuka kushuka.