Mstari Niliouongeza Mimi

Mchungaji, wazee wa kanisa, shemeji yangu, wapwa zangu, majirani na nyote mlioacha shughuli zenu leo Jumamosi tarehe 14 Novemba 2015, mimi ni mdogo wake marehemu, wa tumbo moja, na ndimi pia katibu wa usharika huu kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na nimesimama hapa kwa niaba ya familia kuwasomea habari za maisha yake. Kamati iliniandalia karatasi, imechapwa vizuri, ina kurasa mbili, nimeisoma nyumbani mara tatu na sikumkuta dada yangu ndani yake, kwa hiyo nimeiacha mezani na nitasoma hii niliyoiandika kwa mkono wangu, na mwenye kutaka kunikalisha naomba angoje nimalize.

Marehemu alizaliwa Jumatano tarehe 9 Juni 1971, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la mbao, ambako baba yetu alikuwa mlinzi, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili, nami nikafuata baada ya miaka mitatu, na mama alipenda kuwaambia watu kwamba yeye alimzaa dada tu, mimi nililelewa na dada. Alibatizwa akiwa mchanga, akakua mtoto wa maneno machache na macho makali, asiyependa kubembelezwa wala kubembeleza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1979, shule iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza mwaka 1985, mwaka uliofuata akaingia sekondari, na mwezi wa Oktoba 1987, akiwa kidato cha pili, baba alianguka kutoka juu ya rundo la mbao akavunjika nyonga, na wiki hiyohiyo dada aliketi na mama jikoni wakakubaliana kwamba mmoja wetu aache shule, na kwamba atakayeendelea ni mimi, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Hiyo ndiyo ilikuwa sababu, sina nyingine ya kuwapa, na darasani alinishinda kwa mbali. Ninaomba mlikumbuke jambo hilo la mwandiko wakati nikiendelea kusoma.

Jumatatu tarehe 3 Aprili 1989 aliajiriwa katika kiwanda cha sare za shule, akapewa mashine ya matundu ya vifungo, ukumbi wa pili, safu ya dirishani, akakaa hapo miaka ishirini na minne, na wenzake waliofika hapa leo wanamjua kwa jina la Mama Matundu, jina ambalo halikumuudhi hata kidogo, alikuwa akisema ametoboa nguo nyingi kuliko panya na hakuna aliyewahi kumwekea mtego. Kazi yake ilikuwa safi, na shati lililopita kwake halikurudishwa.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 17 Desemba 1994 na shemeji yangu huyu, fundi wa majokofu, mtu ambaye wengi wenu mlimsema kwa miaka mingi kwamba haingii kanisani, na Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1996, anayesomea uuguzi, na mvulana wa mwaka 2001, ambaye bado yuko shule. Ndoa hiyo ilikuwa na ugomvi wake wa kawaida, wa chumvi na wa redio, lakini sijaona mwanamume mwingine aliyembeba mke mgonjwa mgongoni, ghorofa tatu juu na ghorofa tatu chini, bila kuhema mbele yake asije akajiona mzigo, na aliyefanya hivyo ni yeye, sisi tuliookoka tulikuwa tukituma salamu.

Mwezi Machi 2013, baada ya miguu yake kuvimba kwa muda mrefu, madaktari walimwambia kwamba figo zake zote mbili zilikuwa zinashindwa kazi. Hadi siku hiyo dada yangu alikwenda kanisani kama wengi wetu tunavyokwenda, kwa mazoea, anakaa, anaimba, anarudi nyumbani kupika, na aliniambia mwenyewe kwamba miezi ile ya kwanza aliomba kwa hasira, kama mtu anayegonga dirisha la ofisi iliyofungwa.

Jumatano tarehe 5 Juni 2013, saa nne na dakika kama ishirini asubuhi, umeme ulikatika kiwandani, mashine zote zikanyamaza kwa mara moja, na hapa nitasema kama alivyonieleza bila kutia chumvi, maana chumvi nimeshaitia ya kutosha. Hakuona mwanga, hakuona malaika, hakuanguka, alikuwa ameshika shati la mtoto wa darasa la kwanza, na katika ukimya ule alijua, kama unavyojua kwamba kuna mtu chumbani hata kabla hujageuka, kwamba Bwana Yesu yuko pale, upande wake wa kushoto, karibu kama jirani wa mashine, na akaelewa jambo moja ambalo halikupitia sikioni, kwamba ugonjwa ule utakaa, na yeye Bwana pia atakaa. Umeme uliporudi alikuwa analia, msimamizi akamuuliza kama amejidunga sindano, akasema hapana, akamalizia shati.

Aliyaandika hayo nyuma ya karatasi ya oda, mistari tisa, akaniletea niyasome kwenye ushuhuda wa mwezi, naye aliniambia kwamba hajawahi kuwa na hakika ya jambo lolote kama hilo. Wote hapa mnajua desturi yetu, kwamba katika usharika huu ushuhuda hausomwi mbichi, unaletwa kwa katibu, katibu anaupanga, anaunakili katika kitabu cha ushuhuda kwa mwandiko mzuri, kisha anausoma madhabahuni, na kwamba tangu mwaka 2004 kila ushuhuda uliopita mikononi mwangu uliishia kwa maneno yaleyale: na sasa ni mzima kabisa, hata ule wa fundi bomba aliyekuja akichechemea na akaondoka akichechemea. Sikukaa nikapanga kusema uongo. Nilinakili mistari yake tisa, nikafika mwisho, nikaona maneno ugonjwa utakaa, mkono ukayaruka wenyewe, na mstari wa tisa ukawa wangu, na Jumapili tarehe 23 Juni 2013 nikausoma kwa sauti.

Mlisimama. Mlipiga makofi, mliimba, akina mama walimkumbatia, na dada yangu aliketi akinitazama mimi, angeweza kunikanusha palepale mbele ya watu mia tatu, lakini alimeza maneno ili asiniaibishe, kama alivyozoea kunikinga tangu utotoni, na baada ya ibada alinifuata ofisini akaniomba kwa sauti ya chini nisahihishe Jumapili ijayo. Nikamwambia Jumapili ijayo. Jumapili ilipofika Mchungaji aliniambia kwamba kusahihisha kutawakwaza waumini wachanga, kwamba neno likishatamkwa madhabahuni imani italitimiza, nami nikaridhika upesi, kwa sababu ilinifaa kuridhika.

Tarehe 9 Julai 2013 alianza kusafishwa damu kwa mashine hospitalini, kila Jumanne na kila Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara, na hapo ndipo kilemba cha ukoka tulichomvika kilipoanza kumbana, maana mtu aliyetangazwa kuwa mzima alionekana kituo cha basi mara mbili kwa wiki na blanketi lake kwapani. Wazee watano walimtembelea nyumbani kumwambia kwamba kwenda hospitali ni kumkana Mungu aliyemponya, au basi angalau apitie njia ya nyuma, naye akawakaribisha chai, akawauliza kwa upole mbona wote watano wamevaa miwani.

Ninyi mlifikiri imani yake inapoa, nami ninawaambia kwamba miaka hiyo miwili ndiyo aliyoamini kuliko sisi sote. Aliacha kuombaomba. Alisoma Injili aya moja kwa siku nzima ya mashine, akaitafuna hadi iishe utamu, na aliongea na Bwana kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na mwenzake huku wanachambua mchele, na shemeji yangu, huyohuyo wa haingii kanisani, alianza kukaa kando ya kiti chake Jumanne na Ijumaa akimsikiliza, mpaka siku moja akamwomba amfundishe kuomba.

Ijumaa tarehe 29 Agosti 2014 tulikuwa na mkutano mkubwa wa injili uwanjani, na nilitumwa nikamwombe apande jukwaani kama mfano wa uponyaji, nami nilikwenda, nikambembeleza, nikijua Ijumaa ni siku yake ya mashine. Alikubali upesi, nikashangaa. Alipanda akiwa amevimba uso, akapewa kipaza sauti, akasema kwamba bado ni mgonjwa, kwamba hakuwahi kuponywa, kwamba Bwana alimwambia atakaa naye na hajaondoka hata siku moja, na kwamba hilo linamtosha, na kabla hajamaliza kipaza sauti kilichukuliwa, kwaya ikaambiwa iimbe. Usiku huo alilazwa mapafu yamejaa maji.

Jumatatu tarehe 8 Septemba 2014 aliandikiwa barua ya kuondolewa uongozi wa akina mama, aliopewa baada ya ushuhuda ule, na kuzuiwa Meza ya Bwana hadi atakapotubu kutoamini kwake, na barua hiyo niliiandika mimi, kwa mwandiko uleule, nikaifikisha kwa mkono. Aliisoma, akanisifu kwamba herufi zangu bado zimenyooka, akaniuliza kama nimekula.

Aliishi miezi kumi na minne bila kushiriki Meza, akija kila Jumapili alipoweza, akikaa benchi la mwisho karibu na mlango, na hakumsema mtu. Wiki mbili zilizopita nilikwenda wodini, nikapiga magoti, nikaomba msamaha, akasema alishanisamehe siku ileile ya makofi, lakini msamaha si kitu anachokitaka kwangu, anataka mstari wa tisa urudi mahali pake, kwa sababu ndilo jambo pekee aliloambiwa na Mungu maisha yake yote, na mimi nimelifuta. Nikamwahidi. Nilikiomba kitabu cha ushuhuda kwa wazee, nikaambiwa wamekifungia, sikuuliza mara ya pili, nikaenda kazini, na Jumanne tarehe 10 Novemba 2015, saa tano asubuhi, akiwa amefungwa kwenye mashine, mkono wake ndani ya mkono wa mumewe, moyo wake ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne.

Kwa hiyo, mbele yenu ninyi mlioniona nikisoma siku ile, mstari wa tisa wa ushuhuda wa dada yangu unasema hivi: Ameniambia ugonjwa huu utakaa, na Yeye atakaa, nami nimekubali. Kitabu kibaki kimefungwa, sasa mmesikia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao hawakumdanganya hata mara moja, majirani waliopokezana kumwangalia mtoto, wafanyakazi wenzake wa ukumbi wa pili waliomshonea blanketi na kumfanyia zamu zake akiwa dhaifu, na kwa upekee shemeji yangu, aliyeniomba asubuhi hii nisikae naye benchi moja, na ana haki. Wazee wa kanisa mmeleta shada kubwa, tumeliona. Ukatibu wenu nimeuacha.

Pumzika kwa amani, dada. Mimi nilipumzika vya kutosha wakati wewe unaumwa.