Vita vya Konokono, Karungu

Kijiwe chenyewe kiko nyuma ya mzani wa omena, dagaa wa ziwani: benchi moja na birika la kahawa la Metrine. Jumatatu hiyo wazee walikaa kishujaa, maana Jumamosi walikuwa wameokota konokono wa ufukweni mpaka wakaisha, wakawachoma moto. Dishon ndiye aliyelivalia njuga. Binti yake Celestine alikuwa na kichocho, amemeza dawa mara mbili na bado tumbo linavimba. Afisa wa afya akasema vijidudu vya kichocho hukulia ndani ya konokono. Basi Dishon akatangaza vita, na sasa alikuwa akinywa kahawa ya ushindi.

— Omera, ndugu yangu, mdudu amekosa nyumba, Dishon akasema. Atalala wapi?

Boaz, anayeitwa Profesa kwa sababu alihudhuria semina moja, akakohoa.

— Wacha nieleze. Mtu akienda haja ziwani, mayai ya mdudu inaingia maji. Kitoto inatoka, inaingia konokono, inazaana huko mpaka inakuwa maelfu. Halafu inatoka, inaogelea kwa maji ikitafuta ngozi ya mtu itoboe.

— Maelfu! Dishon akadakia. Hiyo ni konokono ama ni hosteli?

Oyaro, Mheshimiwa wa kijiwe kwa kushindwa uchaguzi mara mbili, akagonga benchi.

— Makosa ni ya konokono! Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye amefuga mgeni mpaka amepata wajukuu, hata shamba hajamwonyesha!

— Na hao konokono si wa hapa, Boaz akaongeza. Wanavuka mpaka polepole ndio polisi wasishtuke.

— Mfalme wao yuko katikati ya ziwa, Oyaro akamaliza. Gamba lake ni kubwa kuliko sufuria ya matanga.

Sayansi ya kijiweni haihitaji darubini, sukari inatosha. Dishon alicheka kwa raha zake. Mwanawe angepona, na yeye ndiye aliyemponya.

Milka, mchuuzi wa Isebania aliyekuwa akingoja omena yake ipimwe, akageuka.

— Samahani wazee. Hiyo konokono mliokota mkisimama wapi?

— Kwa maji, mama. Ama tungewapigia simu watoke?

— Na hao vijidudu maelfu walikuwa wapi saa hiyo?

Yawa! Profesa akachungulia kikombe. Mheshimiwa akakumbuka ana mkutano.

Dishon akaweka kikombe chini. Jumamosi ile Celestine alikuwa mstari wa mbele, maji magotini, tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Alikuwa amekataa kuingia, akisema anaumwa. Dishon ndiye aliyemshika mkono: “Njoo, nyathina, mwanangu, tuwamalize hawa wanaokuumiza.”